Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ndugu wasikilizaji, ninyi mlio njiani kwenda kanisani, ninyi mliolazwa kwa ugonjwa, nanyi mliowasha redio jikoni huku chai ikichemka, twawasalimu nyote asubuhi hii ya Jumapili.

Injili ya leo yatupeleka Kapernaumu, katika nyumba iliyojaa watu hata mlangoni hapapitiki. Marko Mwinjili asimulia habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipoona njia imezibwa walipanda juu, wakafumua paa la nyumba isiyo yao, wakamteremsha mgonjwa mpaka mbele ya Bwana. Tumezoea kuhubiri juu ya mgonjwa aliyesamehewa na kuponywa, na juu ya waandishi walionung'unika mioyoni. Leo tuwatazame hao wanne. Hatuambiwi majina yao. Hatuambiwi kama wote walikuwa ndugu wa mgonjwa, au kama mmoja wao alikuwa mpita njia tu, aliyeombwa kushika pembe ya nne kwa kuwa waliopatikana nyumbani walikuwa watatu. Wala Marko hatuambii ni nani aliyeliezeka upya paa lile baada ya umati kutawanyika. Swali hili la paa tuliweke kando kidogo, tutalirudia.

Katika milima ya Tarime, mkoani Mara, machela si jambo la kusoma vitabuni. Tumewaona vijana wa Kikurya wakimteremsha mama mjamzito kwa machela usiku, mvua ikinyesha, wakipokezana mabega bila kusimama. Hapo hakuna anayeuliza nani ni wa ukoo gani. Lakini yuko mgonjwa mwingine ambaye machela yake haiinuliwi upesi hivyo, kwa sababu hafi wala haponi. Twasema juu ya mtoto mwenye ulemavu wa akili: yule anayechelewa kusema, anayeshindwa kushika herufi hata akirudia darasa mara tatu, anayepotea njia ya kutoka kisimani. Wengine walizaliwa hivyo. Wengine uchungu wa mama zao ulichukua muda mrefu mno, na hospitali ilikuwa mbali. Wengine walikuwa wazima mpaka malaria ilipowapanda kichwani, wakapata degedege, wakaamka wakiwa watoto wengine. Jirani husema ni laana, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Sisi tuliozaliwa na kulelewa katika desturi hizi twajua jinsi neno hilo moja linavyoweza kumfunga mtoto ndani ya nyumba miaka kumi.

Kwa ajili ya watoto hao wamekuwa wakija wageni kutoka ng'ambo, hasa vijana, kujitolea kufundisha. Wengine huja Tarime na Serengeti kwa mwaka mzima, wengine kwa wiki mbili baada ya kuwatazama nyumbu wakivuka Mto Mara. Tumekuwa tukiwapokea kwa furaha, na wazee wetu wana msemo wa kuwakaribisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo twataka kuuliza, ndugu zangu, ni lini mwenyeji hupona kweli.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita, tulipokuwa katika parokia moja ya Wilaya ya Serengeti, tuliandika barua ng'ambo kuomba mtu wa kufundisha watoto wenye ulemavu. Akaja dada mmoja kijana, mwenye elimu ya kazi hiyo na moyo mwema sana. Shule ya msingi ya pale ilimpa stoo iliyokuwa na majembe mabovu na popo. Akaifagia, akaipaka chokaa, akakusanya watoto saba. Mmoja wao alikuwa mvulana wa kama miaka kumi, aliyelelewa na bibi yake. Alipofika hakuweza hata kuketi.

Yule dada alifundisha kwa njia ambayo hatukuwa tumeiona. Kama ni kufunga shati, yeye alivifunga vifungo vyote, akamwachia mtoto kile cha mwisho tu. Mtoto alipokiweza, akaachiwa viwili, kisha vitatu. Kwa hiyo kila mara aliyemaliza kazi ni mtoto mwenyewe, na furaha ya kumaliza ilikuwa yake. Kunawa mikono kulikatwa vipande vidogo hivyohivyo, na kubeba kikombe, na kuhesabu kokoto mpaka tano. Mvulana yule alihitaji miezi mitatu kuvijua vifungo vyake. Basi, akavijua.

Baada ya miezi tisa dada akaondoka, kama ilivyopangwa. Tulimfanyia sherehe, akapewa kitenge na jogoo, watoto wakaimba, watu wazima wakalia. Jumatatu iliyofuata stoo ilikuwa na kufuli. Mwalimu mkuu alikuwa na watoto zaidi ya mia katika darasa la kwanza, na walimu wasiotosha, angemtoa nani? Na mvulana akaja. Alikuwa amevaa shati lake, amelifunga mwenyewe, akaketi mbele ya mlango uliofungwa mpaka bibi yake alipokuja kumchukua mchana. Kesho yake akaja tena. Alikuja hivyo kila siku mpaka masika yalipoanza.

Tulipokwenda nyumbani kwao tulimkuta amefungwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya ghala. Bibi alikuwa akitoka shambani, jembe begani. Alikuwa mwanamke mwenye huruma. Aliuogopa mto, basi, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Hakutugombeza. Alituambia tu, "Padri, kabla ya yule dada kuja, huyu alikuwa hajui kama kuna mahali pa kwenda. Sasa anajua."

Ndugu wasikilizaji, tumehubiri maelfu ya mahubiri, na hakuna neno la msikilizaji lililotuchoma kama hilo. Dada yule hakukosa kitu. Kosa lilikuwa letu tuliomwita. Tuliomba mwalimu kutoka mbali, hatukumwomba mwalimu wa karibu asimame naye. Tulimpa mgeni pembe zote nne za machela, na mgeni alipoondoka machela ikaanguka.

Haikuwa lazima tukosee hivyo, kwa maana mkoa wetu una historia ndefu ya wageni. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali yao imewatibu watu wa pande zote za ziwa; Shirati leo iko katika Wilaya ya Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Mapadre wa Maryknoll, nao pia kutoka Marekani, walikuja Musoma mwaka 1946, na Musoma ikawa jimbo mwaka 1957. Hatusemi kwamba wazee hao hawakukosea. Walikosea, na wengine walichelewa kutuamini. Lakini walitambua jambo moja mapema: mgeni hana budi kwanza kuwa mtoto. Katika miaka ya 1960 walifungua shule ya lugha huko Makoko, karibu na mji wa Musoma, na humo mapadre, masista na walei wenye shahada zao waliketi miezi mizima wakijifunza kusema "naomba maji". Mtu mzima anayechekwa na wapishi kwa kukosea ngeli amekwisha kuanza kumwelewa mtoto asiyeelewa.

Jambo hilo la lugha ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto wa Tarime huamka akisikia Kikurya. Akifika shuleni hukuta Kiswahili. Mgeni naye akija na Kiingereza chake, mtoto aliyeshindwa kuimudu lugha moja amewekewa tatu mbele yake. Kisha twamwandika kwamba haelewi! Tumewahi kumwona mtoto aliyedhaniwa bubu darasani akiwaita ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa majina, kwa sauti ya kutosha kusikika ng'ambo ya bonde.

Habari ya mtoto huyo twapenda kuisimulia, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha. Hiyo ilikuwa Tarime, baadaye, tulipokwisha kuhamishwa. Alikuja mwalimu mstaafu, mzee wa mvi, kutoka Ulaya. Tulimwandalia darasa, akalikataa. Alisema kwa Kiswahili cha kukwaruza kwamba hataki darasa, ataka mwalimu wa pale atakayekaa naye kila siku, na mama wawili wenye watoto wa namna hiyo. Twakiri kwamba tulidhani ni mvivu. Mwezi wa kwanza hakufundisha kitu. Alizunguka nyumba kwa nyumba na yule mwalimu, mwanamke wa huko huko, akiketi kwenye vigoda, akila ugali, akiuliza. Katika mji mmoja walimkuta kijana aliyefukuzwa na darasa la pili kwa sababu hajui kusoma wala kuhesabu. Jioni ng'ombe waliporudi, kijana alisimama kwenye lango la boma, akatazama, akasema ndama mwenye baka jeupe hayupo. Hakuwahesabu. Aliwajua.

Mwalimu yule wa kike ndiye aliyeona njia, si mgeni. Alimwambia kijana amwekee kila ng'ombe kokoto lake. Hili ni la yule mwekundu, hili la yule asiye na pembe. Kutoka kokoto wakaenda kwenye mstari mchangani, kutoka mstari wakaenda kwenye tarakimu. Ilichukua karibu mwaka. Mgeni alichangia nini? Alichangia subira yake, na ujuzi wa kulikata somo vipande vidogo, na kwamba mbele ya wakuu wa shule alisema mara kwa mara kuwa kazi ni ya mwalimu mwenzake. Alipoondoka baada ya miaka miwili hatukufanya sherehe kubwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka. Jumatatu iliyofuata darasa lilifunguliwa saa ileile. Baadaye wazazi na jumuiya wakachanga nauli, na mwalimu akaenda kusomea elimu maalumu katika Chuo cha Patandi, huko Arumeru. Alirudi. Tulipohamishwa tena tulimwacha akifundisha.

Hata hivyo, hatutaki mtusikie kana kwamba mgeni wa mwaka ni mwema na mgeni wa wiki mbili ni mbaya. Wa wiki mbili aweza kutengeneza madawati, kupaka rangi, kumfundisha mwalimu jambo moja analolijua vizuri. Asipewe tu mtoto amzoee. Mtoto wa namna hii hujifunza sura kabla hajajifunza herufi, na kila sura inayotoweka humrudisha nyuma. Tena wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nao walijua kwamba jembe la wenyeji lina mpini wake, hujifunzwa kushikwa. Na tuongeze jambo ambalo zamani tuliona haya kulisema: mtoto asiyeweza kueleza aliyotendewa yahitaji alindwe kuliko wote. Mgeni aje na barua za watu wanaomjua, awe na kibali cha serikali, asikae na mtoto peke yao mlango ukiwa umefungwa, asipige picha bila mama kuridhia. Na sharti hilo limhusu padri pia, na katekista, na mwalimu.

Lakini hebu tumwache mgeni sasa. Tumemsema vya kutosha, na yeye hatusikii; yumkini yuko uwanja wa ndege. Tuseme juu ya pembe tatu zilizobaki, ambazo ni zetu.

Mwezi wa Novemba mwaka 1974, mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto wa Tanzania aende shule ya msingi, na shabaha ikawekwa kuwa mwaka 1977. Neno "kila mtoto" lilitamkwa hapa kwetu, kando ya ziwa letu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi. Vijiji viliitikia, madarasa ya miti yakajengwa. Na bado, wale waliohesabu watoto nyumba kwa nyumba hawakuonyeshwa mmoja aliyekuwa chumba cha nyuma. Naye mzazi hakufikiri kwamba anadanganya, kwa kuwa hakuona kuwa huyo naye ni wa kuhesabiwa. Miaka ishirini baadaye, Juni 1994, wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Nchi yetu ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, yenye kumpa mtoto huyo haki ya shule kama mwingine yeyote. Ada ya shule za msingi ilikwisha kufutwa. Karatasi, ndugu zangu, zimetosha. Kilichobaki ni nani amtoe mtoto chumbani asubuhi, na nani amsindikize kilomita nne.

Majirani zetu wa Kenya wana mfano tunaoupenda. Katika mji wa Nyahururu, mwishoni mwa miaka ya 1990, padri mgeni kutoka Jimbo la Padova nchini Italia, Padri Gabriele Pipinato, aliguswa na hali ya watoto wenye ulemavu waliofichwa majumbani. Angeweza kuandika barua kwao, akaletewa fedha, akajenga nyumba kubwa yenye ukuta, akawaweka watoto humo, nasi tungemsifu. Hakufanya hivyo. Pamoja na wenyeji alianzisha kazi iitwayo Mtakatifu Martino, ambayo nguvu yake ni majirani wenyewe waliojitolea, kila mmoja mahali anapoishi: kumtembelea mtoto, kumnyoosha viungo, kumpeleka shule. Hebu lisikilizeni neno letu la Kiswahili: kujitolea. Hatusemi kutoa kitu. Mtu ajitoa mwenyewe. Na kwa kazi hiyo hakuna aliyeambiwa kwamba sharti avuke bahari.

Wakurya wana baraza lao la jamii, iritongo, ambamo mambo ya watu wote huzungumzwa hadharani. Tumehudhuria mabaraza hayo yakijadili wizi wa ng'ombe tangu asubuhi hadi jua kuzama. Tuliwahi kumwomba mzee mmoja alete mle habari ya watoto wanaofichwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Padri, ng'ombe akiibwa twajua tumepungukiwa. Mtoto huyo hatujajua kama tumepungukiwa." Hakusema kwa dhihaka. Alikuwa akifikiri kwa sauti, na mwezi uliofuata alilileta jambo lile barazani mwenyewe, akianza na mjukuu wake.

Basi turudi kwenye paa. Baada ya yule bibi kutuambia neno lake, hatukulala vizuri. Tuliwaita wanajumuiya wa mtaa ule, jumuiya ndogo ya nyumba kumi na mbili, tukawaeleza tulivyokosea. Tulitegemea wazungumzie fedha. Mama mmoja, muuza dagaa, aliuliza tu ufunguo wa stoo uko kwa nani. Hakuwa na elimu ya kazi hiyo. Alikuwa amemaliza darasa la saba. Lakini aliwahi kuketi mlangoni akimsubiri mwanawe, akaona jinsi vifungo vinavyofundishwa, kuanzia cha mwisho. Yeye na mwenzake walianza kwa asubuhi mbili za wiki, Jumanne na Alhamisi, siku zisizo za gulio. Kipofu mmoja wa jumuiya hiyohiyo akajitolea kuwafundisha watoto nyimbo. Mwalimu mkuu, alipoona hawachoki, alimpa mwalimu wake mmoja saa moja kwa siku, kisha mbili.

Watoto saba hawakurudi wote. Watano walirudi. Yule mvulana aliingia siku ya kwanza akaketi mahali pake pa zamani, akageuka kutazama mlango, akautazama muda mrefu. Siku hiyo yule mama hakuufunga.

Ninyi viongozi wa jumuiya mnaotusikiliza, uandikishaji wa darasa la kwanza hufanyika kabla ya Januari. Wiki hii, mnapopita kusali nyumba kwa nyumba, ulizeni kwa upole watoto wa nyumba ni wangapi. Na mkijibiwa, ketini kidogo, mngoje, mwulize tena.

Tumsifu Yesu Kristo.